Chumvi Haikujua Habari ya Mvua

Siku ninayoikumbuka zaidi katika ujana wangu, mwanangu, ilikuwa Jumapili. Nilikuwa nimesimama mbele ya waumini katika kanisa la mabati pale Kiandutu, Thika, chupa ya soda mkononi. Ndani ya chupa hakukuwa na soda. Kulikuwa na konzi moja ya mahindi na kijiko cha chumvi, na kanisa zima, kuanzia mchungaji hadi watoto waliokaa sakafuni, lilikuwa likiitazama.

Nilikuwa afisa wa afya mchanga, mwenye cheo kipya na viatu vipya. Watu walituita madaktari wa vyoo, kwa sababu kazi yetu kubwa ilikuwa kukagua vyoo vya shimo na kuwagombeza wenye nyumba. Jina hilo liliniuma, usinione nacheka leo. Mama yangu alikuwa amewaambia majirani kwamba mwanawe ni daktari, nami kila nilipoenda nyumbani nilificha ile tochi ya kumulikia mashimo. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kuonekana daktari kamili, niliidaka kwa mikono miwili.

Mambo yalikuwa hivi. Akina mama wa kanisa lile walikuwa wamejiunga pamoja wakanunua mahindi yaliyokuja kwa lori moja kutoka upande wa mashariki, wakagawana magunia. Hicho ndicho kilikuwa chakula cha nyumba zao, githeri ya mahindi na maharagwe, na ugali, mpaka msimu mwingine. Kisha redio ikatangaza kwamba huko mahindi yalikotoka kuna watu wameugua kwa sumu ya ukungu, ile wataalamu wanayoiita aflatoksini. Akina mama wakaingiwa na hofu. Baadhi yao wakasukuma magunia pembeni, wakaanza kulisha watoto viazi na mboga huku wakingoja mtu wa kuwaambia la kufanya.

Mtu huyo nikawa mimi. Tulikuwa tumechota sampuli kutoka kwa magunia kadhaa na kuzipeleka maabara Nairobi, na majibu yangechukua wiki nyingi. Mkubwa wangu wa kazi, ambaye jina lake nitazikwa nalo, hakutaka kungoja. Aliniita ofisini akasema, "Kijana, nenda ukawatulize hao wamama. Waambie mahindi ni safi, kelele ziishe." Nikamwambia majibu hayajarudi. "Sasa ukienda huko uwaambie hujui," akasema, "unafikiri watakuita daktari?" Alijua mahali pa kunigusa, mzee yule.

Ndipo nikaikumbuka chupa. Njia hii ni ya kweli, nisije nikaisingizia. Wakulima wengi wanaijua. Unatia mahindi kwenye chupa kavu, unaongeza chumvi kavu, unatikisa, kisha unaiacha itulie. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, mahindi bado yana unyevu na ukiyaweka ghalani yatashika ukungu. Chumvi isiposhika, mahindi yamekauka. Hiyo ndiyo kazi yake yote. Haipimi sumu. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu, lakini nilijua pia kwamba watu wa Kiandutu hawakulijua.

Basi nikatikisa chupa mbele ya watu wa Mungu. Nikaiacha juu ya meza ya sadaka wakati kwaya inaimba. Kwaya ilipokaa nikaiinua juu, nikaigeuza upande huu na upande ule, na chumvi ikateleza yote chini, haikushika hata punje. Nikasema kwa sauti ya daktari: "Mmeona wenyewe. Mahindi ni safi. Nendeni mkale bila wasiwasi. Nimesema mimi."

Makofi yalipigwa, mwanangu. Kuna mama mmoja, Njoki, aliyekuwa ameketi benchi ya mbele na binti yake Shiru mapajani. Aliinua mikono yote miwili akamshukuru Mungu, "Ngai, asante." Shiru naye akapiga makofi bila kujua anapigia nini. Alikuwa na miaka minne.

Katikati ya makofi hayo akasimama Cucu Wangari. Alikuwa nyanya wa watu, mjane kutoka Kiganjo, mwenye kashamba kadogo na meno machache. Akangoja watu wanyamaze. "Kijana," akaniuliza, "hiyo chumvi yako inajua kama haya mahindi yalinyeshewa, halafu yakaanikwa tena?"

Lilikuwa swali moja tu, na ndilo lililokuwa swali lenyewe. Mahindi yakinyeshewa na kukaa na maji, ukungu huingia na kuacha sumu yake. Ukiyaanika tena juani yanakauka vizuri kabisa, na sumu inabaki mlemle. Chumvi yangu ilijua habari ya Jumapili ile. Haikujua habari ya mvua iliyonyesha kabla. Ningeweza kumjibu, "Cucu, hapana, haijui, na mimi pia sijui." Maneno machache. Badala yake nikatabasamu na kumwambia, "Cucu, haya ni mambo ya kitaalamu." Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Cucu Wangari akakaa chini polepole, akakunja leso yake.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole changu kingepona ndani ya wiki.

Baada ya wiki chache nikasikia mtoto wa Njoki anaumwa. Nilienda. Nilimkuta Shiru amelala juu ya kitanda cha mama yake, macho ya manjano, tumbo limevimba, hataki hata maji. Tukambeba mpaka hospitali. Madaktari, wale wa kweli, walifanya walichoweza. Siku ya nne Shiru akafa.

Njoki hakunipigia kelele. Ningependa angepiga. Alisimama nje ya wodi, kanga ya mtoto imekunjwa mkononi, akaniambia, "Mimi nilikuwa nimeyaweka kando hayo mahindi. Ni wewe uliniambia nirudishe sufuria jikoni."

Nilirudi kwa mkubwa wangu. Nikamwambia tukatangaze leo hii watu waache kula. Unajua aliniambia nini? Alikaa vizuri kitini, akashusha sauti kama mtu wa busara. "Wacha haraka. Hatuwezi kusema ni mahindi. Mtoto anaweza kufa na vitu vingi. Hatuna uhakika."

Mwanangu, hapo ndipo nilipokasirika, na hasira hiyo sijaimaliza hadi leo. Wakati wa kusema mahindi ni safi hakuuliza uhakika uko wapi. Wakati wa kuwaonya watu ndipo akaukumbuka uhakika, akautaka wote, umepigwa muhuri. Kutojua kulikuwa mali yake, akikutoa anapotaka kujificha na kukufungia kabatini anapotaka kusifiwa. Nimewaona wengi wa aina hiyo tangu siku ile, wengine wana digrii nyingi, na sijamwogopa hata mmoja wao.

Lakini siku ile nilikuwa bado naogopa. Nilitoka, na miguu ikanipeleka Kiganjo kwa Cucu Wangari. Nilimkuta ameketi mlangoni, ungo mapajani, anachambua yale mahindi ya lori punje kwa punje. Zenye kiini cheusi alizitupa kwenye mkebe, zilizovunjika pia. Hakuniambia karibu. Aliniacha nisimame juani mpaka nikaanza kulia kama mtoto.

"Wewe unalia nini?" akasema. "Kutojua? Hata mimi sikujua. Mimi nilishuku tu."

"Nilikucheka, Cucu."

"Hiyo nimesahau. Nimechekwa na watu wakubwa kukushinda." Akatupa punje mkebeni. "Shida yako ni moja. Ulituibia hofu yetu. Hofu ni kama mbwa wa boma. Akibweka, huwezi jua kama ni mwizi ama ni paka. Lakini wewe humfungi mdomo eti kwa sababu hujui. Unaamka unaangalia. Njoki alikuwa na mbwa wake, anabweka vizuri. Wewe ukaja na chupa ukamfunga."

Nikamuuliza nifanye nini. Akaniangalia kama vile nimeuliza maji yanatoka wapi. "Jumapili utasimama palepale. Si mlangoni, si kwa ofisi. Pale mbele, karibu na meza. Na hiyo chupa ubebe."

Nikamwambia nitafutwa kazi. Akasema vyoo viko vingi duniani, sitakosa cha kukagua. Hata katika ghadhabu yake mwanamke yule alikuwa na mzaha, Mungu amrehemu.

Jumapili nikasimama. Sikumwomba mtu ruhusa. Mkubwa wangu alikuwa ametuma neno kwamba mada ile imefungwa, nami nikamrudishia neno kwamba mimi ndiye niliyeifungua na mimi ndiye nitakayesema imefungwa lini. Nikaweka chupa mezani. Nikasema: "Niliwaambia mahindi haya ni safi. Sikuwa najua. Chupa hii hupima ukavu, haipimi sumu, na nilijua hivyo wakati natikisa. Cucu Wangari aliniuliza swali la maana nikamcheka. Leo bado sijui kama mahindi ni mabaya. Sijui kama ndiyo yaliyomuua Shiru. Majibu hayajarudi. Lakini ningekuwa na mtoto, nisingempa."

Kanisa likawaka kwa hasira. Mwanamume mmoja, kibarua wa machimbo ya mawe, akasimama na kunyoosha kidole. "Sasa tule nini? Tule hiyo sijui yako?" Na alikuwa na haki. Njaa haingoji maabara. Nikampa jibu nililokuwa nalo. Nikasema kuchemsha sana hakuondoi sumu ile, kwa hiyo wasijidanganye kwa moto. Kuchambua kunapunguza hatari, hakuimalizi. Wasiwape kuku wala ng'ombe, maana sumu hupita hadi kwenye maziwa. Wasiyauze kwa mwenzao wa mtaa wa pili. Mwenye chakula kingine, aanze na watoto. Magunia yafungwe, yaandikwe jina, yangoje. Nami nitakuja hapa kila Jumapili kuwaambia nilichosikia, na nisiposikia kitu nitakuja kuwaambia sijasikia kitu.

Wakubwa hupenda kusema kwamba mwananchi akiambiwa "sijui" ataingiwa na wazimu, atakimbia ovyo. Nilikuwepo, mwanangu. Hakuna aliyekimbia. Walinitukana vizuri sana, nikastahili. Kisha Cucu Wangari akasema ana viazi vitamu shambani, waje na majembe. Mwingine akasema shemeji yake aliyeko Gatundu ana ndizi. Yule wa machimbo, baada ya kunitukana zaidi ya wote, ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba kuandika majina juu ya magunia. Watu wazima wakipewa ukweli nusu huukamilisha kwa akili zao. Wakipewa uongo mzima hawana pa kushika.

Njoki alikuwa ameketi benchi ileile ya mbele, mapaja matupu. Ibada ilipoisha alinijia. Nilifikiri atanizaba kofi, nikasimama tayari kulipokea. Akasema, "Mimi sitakusamehe leo. Hata sijui kama nitawahi. Lakini Jumapili ijayo nitakuja kusikiliza."

Akaja. Kila Jumapili alikuja. Majibu yalipofika hatimaye, hata yenyewe hayakuwa na adabu ya kunyooka. Magunia mengine yalikuwa na sumu nyingi, mengine yalikuwa mazima kabisa, na yote ni ya lori moja. Ukungu hauli kwa usawa. Gunia la Njoki halikupimwa kamwe, kwa sababu lilikuwa limekwisha kabla Shiru hajaugua, wa nyumbani kwake waliamini neno langu wakalila mpaka chini. Basi mpaka leo hakuna anayejua kwa hakika kilichomuua mtoto yule. Nimezeeka na kutojua huko. Nalala nako, naamka nako, na sitaki mtu anifariji.

Mimi nilihamishwa. Nilipelekwa mbali, mahali ambapo vyoo vyenyewe vilikuwa bado havijachimbwa, nikae huko nifikirie ulimi wangu. Nilikaa miaka mingi nikifikiri, nikaona kwa ile Jumapili ya kuungama ulimi wangu hauna kosa. Ningesimama tena palepale. Ningesimama mapema zaidi.

Unaweza kuuliza kwa nini nakusumbua na habari za mahindi ya zamani. Ni kwa sababu ya mjukuu wangu, Wambui. Siku hizi naishi Gatongora, Ruiru, kwenye ploti ya mwanangu wa kuzaa, na Wambui amerithi kazi yangu. Yeye hana tochi wala chupa, ana simu. Neno lake moja linaingia kwenye magrupu ya WhatsApp ya mitaa mingi kabla sijavaa viatu. Juzi mchana alikuja hajala, akaketi karibu nami, akanisomea ujumbe. Kuna mtaa mmoja ambao watu wake, wengi wao watoto, wanaharisha, na wote wanachota maji ya kisima kimoja. Ujumbe ulisema: Maji ni salama. Puuzeni uvumi.

"Majibu ya lab yametoka?" nikamuuliza.

"Bado, Guka."

"Sasa salama mmeitoa wapi?"

Akainamisha kichwa. "Boss ndiye ameandika. Anasema nikiandika hatujui, watu wata-panic. Anataka ni-send saa hizi. Na contract yangu inaisha next month, Guka. Unajua hiyo."

Niliijua. Najua kodi yake, najua ana mtoto, sikujifanya kwamba ni jambo dogo. Nilimweleza habari hii yote niliyokueleza wewe, tangu chupa hadi benchi ya Njoki. Hakuwa ameisikia. Familia yetu ilipenda kusimulia kwamba Guka alihamishwa kwa sababu ya ukabila.

Nilipomaliza alichukua simu. Kisha akaufuta ule ujumbe, akaandika mwingine, akinisomea kila sentensi. Hatujui bado kama maji ya kisima hiki ni salama. Watu wengi wanaoumwa wanayatumia, kwa hiyo tunayashuku. Tumepeleka sampuli. Kwa sasa chemsheni maji yote ya kunywa, hata ya kuoshea matunda. Mtoto akiharisha, mpe maji ya chumvi na sukari yaliyochanganywa kwa kipimo cha kliniki, na akilegea mkimbize hospitali. Ijumaa jioni nitawaandikia tena, majibu yawepo au yasiwepo. Akaweka jina lake na namba yake chini.

"Guka, hii ni sawa?"

"Mimi sijui," nikamwambia, "lakini ningekuwa na mtoto, ningechemsha."

Akacheka huku machozi yanamtoka, akautuma. Hata chai niliyommiminia haikuwa imepoa, simu ikaanza kulia. Nikaona kwenye kioo pameandikwa Boss. Wambui akaniangalia. Nikamwambia, "Pokea. Ongea ukiwa umesimama." Akasimama, akapokea. Nilimsikia akisema, "Ndiyo, ni mimi nimeandika. Hapana, sitafuta."

Kwa hiyo, mwanangu, wewe ambaye kesho utashika kipaza sauti au simu na watu watakutazama wakingoja useme, sikiliza ya mzee. Kutojua si dhambi. Dhambi ni kuvisha kutojua kwako nguo ya kujua. Usimwambie mtu asiogope wakati wewe mwenyewe hujaangalia nje. Mwambie unachoshuku, na kwa nini unashuku, na afanye nini leo hii jikoni kwake wakati mnangoja. Ukiulizwa swali na nyanya mwenye meno machache, nyamaza ulisikilize, maana asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mara nyingine guu linalovunjika si lake. Ukisema utarudi, rudi, hata mikono mitupu. Na akikujia mkubwa anayetaka uhakika wa kuonya watu lakini hataki uhakika wa kuwatuliza, mkatalie. Mkatalie kwa heshima, mkatalie mbele ya watu ikibidi, na ukihamishwa hama ukiwa mzima.

Sasa njoo karibu. Wazee wetu walibariki kwa kutema mate kidogo kifuani, nami nimetema, usione kinyaa. Mungu akupe ulimi mwepesi wa kusema sijui na mgongo mgumu wa kubeba yatakayofuata. Watoto wa watu uliokabidhiwa wakue, waitwe majina, wazeeke. Na siku utakayokosea, kwa sababu utakosea, akupe mtu kama Njoki, asiyekusamehe, ambaye Jumapili ijayo atakuja kukusikiliza.